Barabara ya mzunguko Dodoma: kila kiwanja kikigusa lami, malori yatapita wapi?

Wadau, kuna hoja inarudiwa sana hapa Dodoma: kwa kuwa barabara ya mzunguko imefika, kila mwenye shamba kando yake aachwe akate viwanja, ajenge fremu, sheli na gesti anavyotaka. Mimi napinga.

Barabara yenyewe inauzunguka mji: ni kilomita 112.3, njia nne, kupitia Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa hadi Matumbulu. Inazipokea barabara kuu zote nne: ya Singida, ya Arusha, ya Dar es Salaam na ya Iringa. Lori linalotoka bandarini kwenda Rwanda, Burundi au Congo halina sababu ya kupita katikati ya mji, na hiyo ndiyo kazi ya barabara hii. Sasa ipe kila fremu mlango wake wa kutokea kwenye lami. Bodaboda wataegesha, abiria watavuka ovyo, mtoto atagongwa, wananchi watadai matuta na watapewa, maana ni haki yao. Dereva wa lori ataona heri apite mjini kama zamani.

Dar tumeshayaona. Barabara ya Mandela ndiyo njia ya malori ya bandarini, lakini mji uliimeza: TAZARA, Buguruni, Tabata, kote foleni. Ikabidi tujenge daraja la Mfugale, 2018, kisha la Kijazi pale Ubungo, 2021.

Baba yangu mdogo ana shamba la zabibu upande wa Matumbulu. Dalali anamshawishi auze kwa hatua za miguu, 20 kwa 20, bila kupimiwa, "kinagusa lami". Kuhusu hifadhi ya barabara, mita 30 kila upande kutoka katikati kwa Sheria ya Barabara ya 2007, dalali hasemi neno. Mnunuzi ndiye atakayekuja kupigiwa X nyekundu ya kubomolewa, bila fidia. Hili linaniuma.

*Mchangiaji wa pili:*
Mkuu, vumbi la ujenzi tumelimeza sisi. Kijiji kimekatwa vipande viwili, shule huku, kisima kule, ng'ombe hawajui wapite wapi. Leo faida imefika mlangoni, unatuambia tukae mbali nayo?

*Mwanzisha mada:*
Ndugu yangu, la shule na kisima umenishinda, nakubali. Vivuko vya watu na mifugo vinatakiwa kabla ya duka lolote. Na faida siwanyimi. Ninachotaka ni barabara ya pembeni: fremu zifungukie huko, magari yaingie kwenye mzunguko penye makutano tu. Viwanja vipimwe kwanza, mwenye shamba auze kilichopimwa. Bei atakayopata haitalingana na ya hatua, itaizidi mbali.

*Mchangiaji wa tatu:*
Upimaji unachukua miaka, na ada ya shule inadaiwa Januari. Hapo ndipo dalali anapotushinda.

*Mwanzisha mada:*
Kweli. Basi tuanzie hapo: mlioko Nala na Veyula, kuna waliochangishana wakapimiwa kwa pamoja? Ilichukua muda gani?