Naomba ushauri: niendelee na mikopo ya simu ili alama za CRB (kampuni zinazotunza rekodi za ukopaji) zipande?

Hamjambo wenzangu. Niko Nairobi, nimeajiriwa, na mwakani nataka kuomba mkopo wa nyumba. Ripoti yangu ya Metropol, mojawapo ya CRB za Kenya, ina alama 640, kwa kipimo cha 200 hadi 900. Sina deni lililochelewa. Mikopo midogo ya simu nilikuwa nalipa kabla ya tarehe, nikaacha kuichukua tangu Juni, lakini alama hazijasogea. Mkopo wangu wa sacco, ambao ndio mkubwa na hukatwa kwenye mshahara, hauonekani kabisa kwenye ripoti. Hilo ndilo linaloniudhi.

Mliopitia haya, je, nikope kidogo kidogo na kulipa, au nitulie? Na naweza kuitaka sacco ipeleke taarifa zangu CRB?