Mkono-chuma wangu hauzai, tatizo nini?

Nipo Moshi, Pasua. Mwaka wa nne nina mti wa mkono-chuma uzioni, ule Wamasai wanauita olmisigiyoi. Umestawi, ukichanua nyuki wanajaa, lakini tunda hata moja! Niliupanda kwa ajili ya ndege, shore na kuzumburu. Wao wamebaki kunitobolea mapapai. Niweke mbolea?

— Mbolea ya nini, dada? Mti huo una jinsia, kama hiyo mipapai yako. Dume halizai. Gusa ua: ukipata chavua tupu, ndilo hilo.

— Ila usiling'oe, jike litalihitaji. Mimi huku Usa River nilisia mbegu nyingi makusudi, majike yakapatikana. Vitunda vikiiva, shore hawanilazi. Bibi naye anakata miswaki humohumo.

— Jamani! Nimetoka kugusa sasa hivi: kidole njano tupu. Nani ana mche wa jike?