Nimelipia slabu ya chuma na zege, nimejengewa zege lililolazwa juu ya bati la kuezekea. Arusha tutazika watu kwa mchezo huu!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuzificha.

Familia yetu tunajenga Moshono, jengo la ghorofa moja. Chini ni fremu za biashara, juu ukumbi wa vikao, sendoff na kipaimara. Ukumbi hautaki nguzo katikati, kwa hiyo mhandisi akatuchorea sakafu ya boriti za chuma za umbo la I, juu yake deki ya chuma, yaani bati zito lenye mabonde, na juu ya deki zege lenye meshi, ule wavu wa nondo nyembamba. Chuma ni ghali, hilo tulilijua. Lakini tuliepuka marini bodi, mbao na ule msitu wa mirunda unaokaa chini ya slabu ya kawaida kwa wiki kadhaa, huku mafundi wa fremu wakisubiri. Michoro ikakamilika, kibali kikatoka, mkataba ukasainiwa, hela ikatoka kwa awamu kama tulivyokubaliana. Mkandarasi amesajiliwa, ana ofisi na gari lenye jina lake ubavuni. Si fundi wa kuokota kijiweni.

Leo sakafu ipo na inanesa. Mtu akitembea kwa kishindo upande wa jukwaa, maji ya kwenye ndoo iliyowekwa katikati ya ukumbi yanacheza. Juu kuna nyufa ndefu zilizonyooka kufuata boriti, moja baada ya nyingine. Ukishuka chini ukainua macho, deki imefanya tumbo kati ya boriti na boriti. Huhitaji kipimo, unaliona kwa macho.

Sasa nieleze kilichofanyika, maana nina hakika sipo peke yangu.

Zege likikandamizwa lina nguvu sana, likivutwa linapasuka upesi. Chuma kinavumilia kuvutwa. Sakafu ikibebeshwa mzigo, upande wa juu unakandamizwa na wa chini unavutwa, kwa hiyo ukiweka zege juu na boriti ya chuma chini, kila kimoja kinafanya kazi inayokifaa. Sharti ni moja tu: viwe vimeshikana, kimoja kisiteleze juu ya kingine. Chukua madaftari mawili, yapandanishe kisha uyapinde, utaona linavyoteleza la juu juu ya la chini. Yabane kwa misumari, uone kama yanapindika kirahisi hivyo tena.

Kwenye sakafu hii misumari hiyo inaitwa stadi. Ni kijiti cha chuma chenye kichwa, unene milimita 19, urefu wa kama sentimita 10, kinachomelewa juu ya boriti, kisha zege linamwagwa na kukimeza. Kwenye mchoro wetu zimeonyeshwa kila bonde la deki, boriti zote. Na kwa sababu mhandisi alizihesabu, alichagua boriti nyembamba kuliko ambayo angeiweka kama chuma kingebeba peke yake. Hapo ndipo unafuu wa mfumo huu ulipo. Ukizitoa stadi hujapunguza urembo, umeiacha boriti nyembamba na mzigo ambao haikupangiwa kuubeba peke yake.

Kwenye jengo letu hakuna stadi hata moja. HATA MOJA!

Na deki? Deki halisi ni bati zito lililopakwa zinki, mara nyingi milimita 0.9 hadi 1.2, lina mabonde marefu na vijinundu vilivyogongwa ubavuni ili zege liling'ang'anie. Halipo pale kushikilia zege bichi tu. Zege likishakauka, bati hilo ndilo linafanya kazi ya nondo za chini za slabu. Sisi tumewekewa bati la msauzi, hili hili tunaloezekea nyumba, geji 28, wembamba usiofika nusu milimita, laini kama sahani. Meshi imewekwa juu tu, maana mchoro ulitegemea deki iwe ndiyo chuma cha chini. Kwa hiyo slabu yangu, kati ya boriti na boriti, chini haina chuma cha maana.

Siku ya kumwaga nilikuwepo. Ilikuwa Jumapili, na sasa ninajua kwa nini ilikuwa Jumapili. Mhandisi aliyechora aliandika wazi kwamba aitwe akague deki na stadi kabla ya zege. Hakuitwa. Nilipofika mashine inazunguka, nikampigia, yuko safarini Babati. Nikamwambia fundi mkuu asimamishe. Jibu lake: "Dada, zege limeshachanganywa, likikaa linaharibika."

Wakawa wanaleta toroli na kumwaga zote sehemu moja, rundo linafika magotini. Bati likaanza kulia. Likabonyea katikati, zege likakimbilia kwenye shimo, na ili juu pawe sawa wakaongeza zege pale pale palipobonyea. Linabonyea zaidi, wanaongeza tena. Jamani, zege lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, yaani kila sentimita moja unayoongeza ni kilo 24 kwa kila mita ya mraba, na unaziongeza mahali ambapo bati limeshaonyesha limeshindwa! Ilipofika mahali machalii waliokuwa chini wakaanza kukimbia, fundi mkuu akapiga kelele iletwe mirunda. Wakaisimika papo hapo, juu ya udongo mtupu, bila hata kipande cha ubao chini, zege bichi likiwa juu ya vichwa vyao. Vijana wale hawakuwa na kofia ngumu. Naomba mtu yeyote asiniambie hilo ni jambo dogo.

Mhandisi aliporudi alitazama nyufa, akaomba zege litobolewe kwenye ukingo wa tundu la ngazi, juu kabisa ya boriti, mahali ambapo mchoro unasema kuna stadi. Patasi na nyundo. Vumbi, kokoto, meshi, halafu bati linalong'aa kama limetoka dukani leo. Zege lilibanduka juu ya bati bila kubakiza chochote. Akakata kipande cha bati ukingoni, akakipima kwa maikromita: milimita 0.4. Mchoro unasema milimita 1. Akatobolesha juu ya boriti nyingine tatu. Hakuna kitu.

Nikachukua BOQ, ile orodha ya vifaa na kazi zote pamoja na bei zake. Stadi zipo, zina mstari wake na bei yake, na zimelipwa. Deki ipo, milimita 1, imelipwa. Huu siyo upungufu wa ufundi, ni wizi. Na aliyekuibia saruji amekutia hasara, ila aliyekuibia stadi amekuwekea watu juu ya kitu kinachoweza kushuka.

Mkandarasi nilimfuata ofisini kwake. Maneno yake: "Dada yangu, zege lenyewe lina kilo karibu mia tatu kila mita, litateleza liende wapi?" Mtu mwenye usajili anasema hivyo! Boriti inapopinda, nguvu ya kuteleza kati ya zege na chuma ni kubwa, tena inazidi kadiri unavyosogea kwenye ncha. Uzito wa zege juu ya bati laini la zinki haukizuii kitu hicho, na nyufa zangu ndizo ushahidi. Kisha akaongeza: "Nimejenga hivi Kisongo, Usa River mpaka Moshi, na hakuna iliyoanguka."

Hayo ya mwisho ndiyo yamenifanya nifungue uzi. Kisongo. Usa River. Moshi. Kuna watu wanalala juu ya sakafu hizo usiku huu na hawajui.

Haijaanguka kwa sababu haijajaa. Chumba cha kulala cha nyumba ya kawaida hupigiwa hesabu ya mzigo wa takriban kilo 150 kwa mita ya mraba. Ukumbi ambao watu wanasimama na kucheza hupigiwa takriban kilo 500. Sakafu tupu yenye makopo ya rangi na mafundi wawili haijajaribiwa na chochote. Ngoja siku ya sendoff, ukoo mzima umesimama, muziki umewekwa, bibi harusi anaingia, watu wote wanaruka kwa mpigo mmoja. Tena tuko Arusha, tuko kwenye Bonde la Ufa. Waliokuwepo Julai 2007 wanakumbuka ardhi ilivyotikisika siku kadhaa, kabla ya Oldoinyo Lengai kulipuka mwaka ule ule.

Najua kisingizio chao. Mashine ya kuchomelea stadi za milimita 19 inakula umeme mwingi mno, ampea zaidi ya elfu moja kwa mpigo mmoja, inataka jenereta kubwa, na mashine ya kawaida ya kuchomelea mageti haiwezi. Ni kweli. Basi sema mapema! Kuna njia nyingine zinazokubalika kihandisi. Unaweza kuchomelea vipande vya chaneli, chuma cha umbo la C, moja kwa moja kwenye boriti kwa mashine ya kawaida kabla ya kulaza deki, deki ikakatwa na kuishia pale. Kuna viunganishi vinavyopigwa kwa misumari ya bunduki ya baruti, havihitaji umeme kabisa. Mhandisi anabadilisha hesabu, anasaini, kazi inaendelea. Au mngesema hamuwezi, tukarudi kwenye slabu ya nondo na mirunda ambayo kila fundi wa Arusha anaijua. Tungekubali.

Na boriti zenyewe wamezipaka redi oksaidi tu, wakasema kazi imekwisha. Hiyo ni ya kutu, siyo ya moto. Chuma kikifika nyuzi joto 600 hivi kimeshapoteza karibu nusu ya nguvu yake, na fremu za chini mmoja wa wapangaji anataka kukaanga chipsi kwa gesi. Mchoro ulisema boriti zifunikwe kwa jipsamu maalumu ya moto. Hilo nalo limeyeyuka njiani.

Nimepeleka barua ofisi inayotoa vibali. Niliyemkuta akaniuliza kama jengo limeanguka. Nikasema hapana. Akasema basi ni mgogoro wa mkataba, niende mahakamani. Nilitamani kulia pale kaunta. Wanajua kuja kuuliza bango na kibali msingi ukichimbwa, lakini saa ile moja ya muhimu, deki imelazwa, stadi zinaonekana, zege halijamwagwa, hakuna aliyefika. Baada ya hapo kila kitu kimefukiwa na huwezi kukiona mpaka uvunje.   Kwa hiyo ukaguzi wa kabla ya zege kwa sakafu za aina hii uwe lazima, wenye saini na picha, na bila karatasi hiyo mashine ya zege isiwashwe. Mnasubiri nini? Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka Dar es Salaam, mtaa wa Indira Gandhi, watu 36 wakafa. Novemba 16, 2024 Kariakoo, zaidi ya watu 20. Sisemi yaliangushwa na slabu kama yangu. Nasema baada ya hapo mtu wa ofisi ya umma hapaswi kumuuliza mwananchi kama jengo "limeshaanguka".

AFCON 2027 inakuja, uwanja unajengwa, kila mwenye kiwanja kuanzia Olmoti hadi Ngaramtoni anataka kuinua lodge haraka. Na slabu ya chuma inauzwa kwa neno hilo hilo, haraka. Mfumo wenyewe hauna tatizo, majengo marefu London na Marekani yamesimama juu yake kwa miongo. Tatizo ni watu wanaouza jina lake na kuacha kiungo kinachoushikilia.

Kwetu mhandisi amesema slabu ivunjwe. Boriti zinaweza kubaki zikikaguliwa. Gharama ya kuvunja, deki mpya, stadi na zege ni ya mkandarasi, na siondoki hapo. Malalamiko ya maandishi yanakwenda Bodi ya Usajili wa Makandarasi wiki hii, pamoja na picha, kipande cha bati na BOQ. Chini nimefunga fremu zote. Wapangaji wawili wamekasirika, wakasirike.

NYONGEZA: Kuna mkuu ameuliza hapo chini atajuaje kama ya kwake ni hivi. Tazama deki kwa chini. Kama ni bati lile lile la mapaa, halina vijinundu ubavuni, shaka imeanza. Kama limefanya tumbo, shaka imezidi. Angalia juu kama nyufa zinafuata boriti. Uliza risiti ya stadi na picha za siku ya kumwaga. Asiyekuwa nazo, usibishane naye, leta mhandisi aliyesajiliwa atoboe zege juu ya boriti. Usitoboe mwenyewe katikati ya slabu.

Na aliyeniambia nimalizane na mkandarasi kimya kimya ili jengo lisiharibike jina: hapana. Nitaleta namba ya barua ya bodi hapa hapa nikishaipata. Kama umejengewa slabu ya namna hii Kisongo, Usa River au Moshi, andika eneo na mwaka. Tutaenda na malalamiko pamoja.