Ushauri: eFootball sasa ina ubia na FIFA, nihamie huko au nibaki na EA FC?

Banda la Mbagala: Wakuu, habari za jioni. Nina banda la gemu, PS4 tatu. Kuna wateja wameniganda. Tangu FIFA waingie ubia na Konami, watengenezaji wa eFootball, mwaka 2024 kuendesha Kombe la Dunia la FIFAe (la gemu za video) kwa eFootball, wanasema gemu halisi la FIFA ni hilo, niachane na diski za EA FC, gemu la EA lililokuwa likiitwa FIFA zamani. Mdogo wangu naye kashikilia hapohapo kwa sababu ni la bure.

Mimi nasita. Hizi leseni za pekee (timu au ligi kuruhusu gemu moja tu kutumia jina na jezi zake) zimetutesa tangu enzi za PES, jina la zamani la eFootball. Unachagua Chelsea unapewa "London FC", Liverpool ni "Merseyside Red", kisa EPL ilikuwa mikononi mwa EA. Konami nao wakaja kulipiza, wakaichukua Juventus peke yao: FIFA 20 ya EA ilipotoka, Juventus ikawa Piemonte Calcio, jezi huielewi. Nikitoa hela leo, mwakani timu gani itageuzwa jina? Nifanyeje?

Kipa wa Akiba: Mkuu, intaneti yako ikoje? eFootball inategemea mtandao. Ukiiweka kwenye mashine zote tatu, faida yote itaishia kwenye bando. Watu wanaokuja bandani wanataka kukaa wawili na pedi zao, wapigane mechi, waondoke.

Pedi Mbovu: Jina lisikubabaishe. EA na FIFA walitangaza kuachana 2022, FIFA 23 ikawa ya mwisho. FC 24 ikatoka mwaka uliofuata, EPL ipo, La Liga ipo, wachezaji walewale, maana leseni za ligi na vilabu hazikuwa za FIFA kuziuza. Kilichoondoka ni jina na Kombe la Dunia. Wateja wangu FC wanaiita FIFA mpaka leo na sijawahi kuwasahihisha.

Mbeba Boksi: Niko Marekani, huku kuna kisa cha kale kidogo. Mwaka 2004 gemu la mpira wa Kimarekani, NFL 2K5, liliuzwa dola 19.99, EA wakabanwa hadi wakashusha Madden, gemu lao la mpira huohuo, ikawa dola 29.95. Mashabiki raha tupu. Desemba hiyohiyo EA wakasaini na NFL, ligi ya mpira huo, mkataba wa pekee, NFL 2K ikafa. Wanunuzi walienda mahakamani, na 2012 EA wakakubali kulipa dola milioni 27 kumaliza kesi, lakini mshindani hakurudi. Kwa hiyo nikisikia "leseni ya pekee" sishangilii, hata anayeipata akiwa kampuni ninayoipenda. Konami wakipewa kila kitu watafanya yaleyale.

Nerazzurri wa Tanga: Sisi wa Inter tusemeje? Kwenye FC 25 tunaitwa "Lombardia FC", Milan ni "Milano FC". Lautaro yupo na jina lake, ila jezi kama ya ndondo. Ukitaka Inter na Milan nenda eFootball.

Banda la Mbagala: Wangu ni Man U, Arsenal na Chelsea. Wa Serie A ni mmoja tu, na ananidai chenji.

Kipa wa Akiba: Basi jibu unalo. Chukua FC iliyotumika, toleo la nyuma, maana jipya likitoka bei ya lililopita inaporomoka. eFootball iweke kwenye mashine moja tu, ya kumridhisha dogo. Man U na Arsenal wana mkataba na Konami pia, hawatalalamika. Kagua mikwaruzo kabla hujalipa, na uijaribu palepale dukani.

Pedi Mbovu: Usijifunge kununua diski mpya kila mwaka. Watoto hawajui tofauti ya 24 na 25, wanajua tu kama Mbappé yuko Madrid.

Kijana wa DLS: Na Simba na Yanga je? Mimi nazichezea kwenye DLS, gemu la simu.

Pedi Mbovu: Hizo endelea kubandika jezi mwenyewe kwenye simu yako.

Banda la Mbagala: Shukrani wakuu. Jumamosi naenda Kariakoo. Mwenye FC 25 ya PS4, diski safi, aje inbox na bei.