Mjadala: Anayekwenda kufanya kazi Ujerumani afundishwe nini kabla ya kupanda ndege?

Mwezi wangu wa tatu Leipzig, msimamizi wangu wa mafunzo katika nyumba ya wazee aliniambia tukutane kesho yake "viertel drei". Cheti cha Kijerumani cha ngazi ya B2 nilikuwa nacho, na nilikipata kwa jasho. Viertel ni robo, drei ni tatu. Kitabuni tulifundishwa robo baada ya, robo kabla ya. Hili halikuwa na baada wala kabla. Nikakisia kuwa ni robo baada ya saa tatu yao, nikaigeuza kwa saa zetu za Kiswahili ikawa saa tisa na robo alasiri, nikaenda. Nilimkuta anavaa koti aende zake. Huku mashariki mwa Ujerumani viertel drei ni robo ya kwanza ya saa inayokwenda kutimia tatu, yaani kwetu saa nane na robo. Nilikuwa nimechelewa saa nzima.

Hakunigombeza. Aliandika kwenye faili langu, na maandishi hayo yalisomwa mbele yangu kwenye kikao cha kuamua kama nimepita miezi 6 ya majaribio. Nilipita, lakini usiku wa kuamkia kikao kile sikulala.

Nalisimulia hili kwa sababu ya mabishano yaliyotushika Wakenya tulioko hapa. Tangu Rais William Ruto na Kansela wa Ujerumani wa wakati huo, Olaf Scholz, washuhudie kutiwa saini kwa mkataba wa wahamiaji wa kikazi jijini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, kila kijana nyumbani anauliza njia ya Ujerumani. Wengi walisikia habari ya nafasi 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha hadharani: mkataba hautaji idadi yoyote. Walioisikia ile ya kwanza ni wengi kuliko walioisikia ya pili, na maajenti wanajua hivyo.

Basi wapo wanaotaka serikali iwalazimishe wote wanaosafiri kikazi kupitia mafunzo ya maisha ya huku, kama wanavyotakiwa kupitia mafunzo wale wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Na wapo wanaopinga kabisa: mtu mzima haendi kufundishwa kuishi, atajionea mwenyewe akifika.

Mimi nasema mafunzo yawepo, ila wengi tunaoyaunga mkono tunataka yafundishe vitu visivyofaa. Nimeshasikia orodha: theluji, kupanga takataka, kutopiga kelele Jumapili, kutosalimiana na kila mtu barabarani. Hayo mtu anajifunza ndani ya wiki mbili. Jirani atakuonyesha pipa la karatasi ni lipi, hata kama ni kwa kununa. Ukirudisha chupa ya plastiki dukani ukapewa senti 25, hutasahau tena. Baridi nayo haihitaji mwalimu.

Kinachotuumiza ni karatasi.

Niliondoka Mombasa mwaka 2022 na mkataba wa mafunzo ya uuguzi wa miaka 3. Uliandikwa euro 1,190 kwa mwezi. Ajenti alipiga hesabu mbele ya mama yangu, akageuza kwa shilingi, akasema ni karibu laki na nusu. Mama akaenda kuwaambia ndugu, ndugu wakafanya harambee. Hakuna aliyetuambia kwamba hapa kuna mshahara wa kuandikwa na mshahara wa kushika mkononi, brutto na netto, na kwamba kati yake kuna bima ya afya, pensheni, bima ya kukosa kazi na bima ya matunzo ya uzeeni. Mwezi wa kwanza ziliingia euro 950 hivi. Chumba kilichukua 380. Nilikaa kitandani na ile hati ya mshahara nikidhani nimeibiwa.

Sikuwa nimeibiwa. Kila mstari ulikuwa wa haki, na mingine ingenifaa kama ningejua kuisoma. Bima ya matunzo, kwa mfano, humkata zaidi mtu asiye na mtoto akishapita miaka 23. Mwenzangu wa darasani, mama wa watoto wawili waliobaki Kakamega, alikatwa kama asiye na mtoto kwa mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyemwambia apeleke vyeti vya kuzaliwa kwa mwajiri. Vyeti alikuwa navyo sandukuni.

Au fomu ya kuandikisha anwani, ambayo unatakiwa uipeleke ndani ya wiki 2 baada ya kuhamia. Ina swali la dini. Sisi tuliolelewa kanisani tunajibu bila kufikiri, na kwa fahari: Mkatoliki. Kwa jibu hilo unaingia kwenye kodi ya kanisa, ambayo hapa katika jimbo letu la Saksonia ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato. Mimi naendelea kuilipa, na nikimaliza mafunzo itapanda, wala silalamiki, kwa kuwa nafahamu inakokwenda. Ninachotaka ni mtu ajue anajibu nini wakati anajibu.

Halafu kuna barua. Nyumbani jambo zito huja kwa simu, au mtu anatumwa. Huku jambo zito linalala kimya kwenye sanduku la barua. Tulikaa wawili nyumba moja, na kila mmoja wetu akaandikiwa kuhusu ada ya redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi. Ada hiyo hutozwa kwa nyumba, si kwa kichwa. Mmoja akilipa, mwingine anajibu tu kwa kutaja namba ya ada ya mwenzake, yameisha. Mimi sikuwa na televisheni, nikaona hainihusu, nikaiweka barua kwenye droo. Ikaja ya pili. Ikaja ya kudai euro 55.08 za miezi 3, na nyongeza ya 8 ya kuchelewa. Mwenzangu muda wote huo alikuwa analipa kwa nyumba ileile.

Na ukiona bahasha ya njano yenye tarehe iliyoandikwa kwa mkono, usiilaze. Ile tarehe ni siku posta ilipoifikisha, na muda wako umeanza kuhesabiwa hata kama ulikuwa zamu ya usiku. Ikiwa ni amri ya malipo kutoka mahakamani, una wiki 2 tu za kuipinga. Namjua kijana mwerevu, anayeongea Kijerumani kunishinda, aliyeziacha hizo wiki 2 zipite kwa sababu aliogopa kuifungua.

Kuna wanaosema Wajerumani ndio wanaotuhitaji, basi wao ndio watufundishe. Wana kozi yao kweli, vipindi 600 vya lugha na vipindi 100 vya sheria, historia na utamaduni. Ni nzuri kwa anayepata nafasi ya kukaa darasani. Aliye kwenye zamu za asubuhi na jioni, na shule katikati, ataikalia lini? Na inakuja baada ya saini kuwekwa, wakati deni la harambee tayari limeshakuwa lako.

Kwa hiyo pendekezo langu ni siku mbili ndani ya kozi ya lugha ileile ambayo watu wanailipia tayari Nairobi na Mombasa. Hati halisi ya mshahara ubaoni, isomwe mstari kwa mstari. Fomu ya anwani ijazwe. Barua tatu zifunguliwe na zijibiwe. Na ajenti alazimishwe na sheria kuandika netto, kwa Kiswahili, kabla mtu hajaweka saini. Mnasemaje?

Nyongeza, baada ya kusoma michango yenu

Kaka uliyeandika kwamba neno "lazima" likishaingia, cheti kitauzwa na mlango mwingine wa kitu kidogo utafunguliwa: umenibadilisha. Nilikuwa nataka cheti. Sikitaki tena. Yafundishwe bila mtihani na bila muhuri, pasiwe na kitu cha kuuza. Kuhusu ajenti sibadiliki. Hapo sheria iwepo na iwe na meno.

Dada wa Muscat, wewe umeeleza kwamba kwenye mafunzo ya kwenda Ghuba ulifundishwa pasi, mashine ya kufulia na kupika, lakini si la kufanya mshahara usipoingia. Nimeusoma mchango wako mara mbili. Hofu yangu kuhusu mafunzo ya Ujerumani ni hiyohiyo, kwamba yatatufundisha kuwa wafanyakazi wazuri kwao na kutuacha hatujui kujitetea. Naomba uongeze: ungefundishwa nini siku ile, ukiwa bado uko Kenya?

Na wewe mama uliyeuliza, "Mbona nyinyi watoto mlioko huko hamtuambii?" Shikamoo mama. Swali lako halina ajenti wala serikali ndani yake, ni letu. Sikumwambia mama yangu kwa sababu watu 43 walichanga, na majina yao yako kwenye daftari la harambee, na baadhi yao walichanga wakiwa na ada za watoto wao hazijalipwa. Ningepiga simu niseme zimeingia 950, chumba 380, ningeonekana nawakana. Nikatuma pesa mwezi huo kwa kukopa kwa mwenzangu. Ajenti alimleta binamu yangu kwa mama mwaka uliofuata, akamwonyesha huyo binamu pesa nilizokuwa natuma kama ushahidi kwamba hesabu yake ni ya kweli.

Jumapili iliyopita nilimpigia. Nilimsomea hati ile ya mwezi wa kwanza, mstari kwa mstari, nikimtafsiria. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Na siku hizo ulikuwa unakula nini?"