Gari ilizima taa ya mafuta ikiwaka, nimeongeza petroli lakini bado inamisi (inakatakata)

Mwenye_swali
Wakuu, gari ni ya petroli, EFI (nozeli zinazoendeshwa na kompyuta). Taa ya mafuta ilikuwa inawaka, ikaanza kukatakata mlimani, ikazima. Nimeweka lita 5. Sasa inawaka kwa starta ndefu, sailensa (mngurumo bila kukanyaga) imetulia, ila ukikanyaga inamisi na kukosa nguvu. Chini ya siti ya nyuma kuna mlio mkali. Mashine imesoma kodi P0171. Nianzie wapi?

Spana_kumi
P0171 maana yake petroli ni kidogo mno kwa hewa inayoingia. Kwa dalili hizo usikimbilie plagi wala koili.

Paki tambarare, ongeza lita 5 nyingine. Gari ikiinama, mafuta machache hukimbilia upande mmoja na pampu inafyonza hewa. Kisha suichi ON sekunde 3, OFF, mara 4 au 5, ndipo upige starta.

Ikigoma, pima presha kwenye reli ya nozeli. EFI nyingi ni kama bar 3, hakikisha kwenye kitabu cha gari yako. Kabla ya kufungua paipu, chomoa fyuzi ya pampu injini ikinguruma, isubiri izime yenyewe, kisha toa waya hasi wa betri. Geji ikianza 3 halafu ikaporomoka ukikanyaga, pampu imechoka au soksi yake (chujio la mdomoni mwa pampu) imeziba. Ila usinunue pampu kabla ya kupima umeme kwenye soketi yake pampu ikiwa inazunguka: ikiwa chini ya betri kwa zaidi ya volti 1, mchawi ni waya au rilei.

Grisi_mkononi
Huo mlio ndio wa kuangalia. Pampu ya ndani ya tangi hupozwa na kulainishwa na petroli inayopita ndani yake. Ikivuta hewa inazunguka kavu na kulika.

Hili la kwamba mafuta yakikaribia kuisha pampu inavuta "uchafu wa chini ya tangi" watu wanalikuza mno. Pampu hufyonza chini siku zote, tangi lijae lisijae.

Na usiendelee kuendesha ikimisi. Petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye masega (kisafisha moshi cha kwenye egzosi) na kuyayeyusha. Taa ya injini ikianza kupepesa, zima.

Mwenye_swali
Nimewapata. Na ingekuwa dizeli?

Spana_kumi
Hapo kazi ni kutoa hewa. Jaza filta, legeza skrubu ya hewa juu yake, piga pampu ya mkono hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza skrubu wakati dizeli bado inatoka, endelea kupiga mpaka pampu iwe ngumu. Starta isizidi sekunde 15, ipumzike dakika 1.

Injini za zamani unaweza kulegeza nati za paipu za nozeli. Za common rail (nozeli zote zinalishwa na reli moja yenye presha kubwa) usiguse kabisa: presha inapita bar 1,000, dizeli inapenya ngozi kama sindano.