TCP inakatika katikati ya upakuaji nyuma ya NAT ya Linux

Swali
Wakuu, rauta yangu ya Debian inafanya masquerade (NAT: kompyuta zote zinatoka kwa anwani moja ya rauta) kwa mtandao wa ofisi. Mafaili madogo yanashuka vizuri, makubwa yanakatika. Nimekamata trafiki kwa tcpdump upande wa nje: RST (pakiti ya kukata muunganisho) inatoka kwenye rauta yenyewe! Jedwali la conntrack (sehemu ya kernel inayofuatilia miunganisho) halijajaa. Inatoka wapi?

Jibu
Mkuu, weka nf_conntrack_log_invalid=6, mpangilio wa kernel unaoandika pakiti batili kwenye logi, maana 6 ndiyo namba ya itifaki ya TCP. Hakikisha moduli nf_log_syslog imepakiwa, la sivyo dmesg (logi ya kernel) haitasema kitu. Kisha pakua faili kubwa ukiwa unaitazama dmesg.

Muuliza swali
Naona mistari mingi ya pakiti za seva zilizo nje ya dirisha (namba za mfuatano ambazo TCP inazitarajia kwa wakati huo).

Jibu
Basi umempata. Pakiti ikichelewa njiani ikaangukia nje ya dirisha, conntrack huihesabu INVALID (batili), na NAT haigusi pakiti za namna hiyo. Inabaki imeandikiwa anwani ya rauta badala ya kompyuta ya ndani. Rauta yenyewe haina soketi ya muunganisho huo, inajibu RST, seva inafunga muunganisho ambao ulikuwa mzima kabisa. Weka juu kabisa kanuni ya kuzitupa pakiti hizo:

`iptables -I INPUT -m conntrack --ctstate INVALID -j DROP`

Data iliyopotea kweli TCP itaituma upya. Wengi hukimbilia nf_conntrack_tcp_be_liberal=1. Inafanya kazi, ila inalegeza ukaguzi wa dirisha kwa miunganisho yote, ndiyo maana mimi sianzi nayo.

Muuliza swali
Nimeiweka. ISO ya Debian imeshuka yote, na tcpdump haioni RST tena. Asante sana, mkuu.